Ubuyu kwa Watu Tusiowajua

Binti yangu amezaliwa Johannesburg, na lugha yake ya hasira ni Kiingereza. Kiswahili anakisikia vizuri kabisa. Ukimsengenya jikoni atatoka chumbani kuja kukusahihisha. Ila kukisema hataki. Mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza, na nyumba inakwenda.

Kwa hiyo jioni ile aliposema mezani kwamba mwakani anataka kusoma somo la biashara na si fizikia, alisema kwa Kiingereza, nami nikakataa kwa Kiswahili, na mama yake akatuambia wote wawili tule kwanza, wali unapoa.

Hapa Afrika Kusini mtoto akikaribia kumaliza darasa la tisa huchagua masomo atakayokwenda nayo mpaka mtihani wa mwisho, na mzazi ana neno lake katika uchaguzi huo. Mimi neno langu nilikuwa nalo tangu mtoto hajajua kutambaa. Mimi ni fundi wa mafriji. Karakana yangu iko Doornfontein, chini ya jengo la ghorofa, na kila asubuhi wanafunzi wa chuo kikuu hupita mbele ya mlango wangu na mikoba yao mgongoni na karatasi zao za michoro zimekunjwa kwapani. Nimewatazama miaka mingi nikiwa nimepiga magoti nyuma ya friji la mtu, na kila nikiwatazama namwona binti yangu katikati yao. Injinia. Neno hilo nalipenda mpaka nikilitamka nalitamka polepole lisiishe. Halafu mtoto huyo huyo ananiambia biashara.

Nikamwambia biashara haisomwi. Watu wa Tanga wameuza machungwa tangu enzi za mababu na hakuna aliyekalishwa darasani kufundishwa. Mama yake, ambaye ni mtoto wa Kariakoo, akasema ni kweli, watu wa Tanga wameuza machungwa tangu enzi hizo, na bei wamepangiwa na watu wa Kariakoo tangu enzi hizo hizo. Mke wangu ana ulimi ambao nimeshaacha kushindana nao.

Binti akaanza kunieleza anachofundishwa. Kwamba kuna mahitaji, yaani watu wanataka nini na wako tayari kukitolea nini. Na kuna ugavi, yaani kitu hicho kipo kiasi gani sokoni. Kwamba mtaji si faida, na gharama si kile ulicholipia dukani tu, hata gesi ya kupikia ni gharama, hata muda wako. Alipokwama kwa neno, mama yake alinitafsiria. Kisha akaniuliza bei za kazi yangu nazipangaje. Nikamwambia namtazama mtu usoni. Wa kwetu nampunguzia, mwenye maringo namwongezea, na anayeniuliza hali ya wazee wangu huko nyumbani namfanyia bure. Mtoto akashika kichwa. Akasema hiyo siyo bei, hiyo ni hali ya hewa.

Mama yake akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Nami nilicheka, lakini kwa ndani, maana baba akicheka katikati ya ubishi ameshashindwa.

Mwisho tukafika kwenye mapatano. Shuleni kwao darasa la tisa huwa na siku ya soko. Wanafunzi hujigawa vikundi, kila kikundi kinaanzisha biashara ndogo, na Jumamosi moja wanapanga meza uwanjani na kuuza. Shule nzima inakuja, wazazi wanakuja, hata majirani wa mitaa ya karibu. Binti akasema tumwache afanye biashara yake siku hiyo. Ikienda vizuri, nikubali. Nikamwambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi tuone chake kitajiuza au kitajitembeza. Ila nikaweka sharti moja, na nililiweka kwa ujanja. Wanunuzi wawe watu tusiowajua. Akimaliza meza yake kwa kuwauzia watu tusiowajua, achague biashara na mimi sitafungua mdomo tena. Mzigo ukimbakia, fizikia.

Tukapeana mikono juu ya sinia la wali. Nilikuwa na uhakika nimeshashinda, na uhakika huo ukaongezeka aliposema atauza nini. Atauza ubuyu.

Sasa nani Johannesburg anakula ubuyu? Sisi wa pwani tumekua nao, mbegu za mbuyu zilizopikwa kwenye sukari mpaka zikavaa koti jekundu, tamu, kali, chachu, unamung'unya unatema kokwa huku meno na ulimi vimekuwa vyekundu na mama anajua umetumia wapi hela ya sabuni. Lakini watoto wa huku wana chipsi zao, wana maandazi yao yasiyo na sukari wanayoyaita magwinya, wanayakata katikati na kuyajaza achari. Nikaona fizikia inanijia yenyewe kwa miguu yake.

Mke wangu alimpata mama mmoja mjini anayeleta ubuyu kutoka Limpopo kwa magunia, na jikoni kwetu, mtaa wa La Rochelle, pakageuka kiwanda. Binti na wenzake wawili wa kikundi chake, mmoja Mzulu na mwingine Msotho, walikuwa wanashinda pale baada ya shule wamefunga vitambaa kichwani. Mke wangu aliwapikia kwa namna ya mama yake mzazi, iliki ya kutosha na vanila kidogo. Watoto wakaufunga ubuyu ule katika vikaratasi, wakaupeleka darasani, wakawaonjesha watu na kuwauliza maswali. Utamu unatosha? Ukali je? Ungenunua tena?

Majibu yalikuja na mambo yake. Walioonja walisema ile iliki inawakumbusha dawa ya kusugulia kifua. Wakataka itoke. Wakataka pilipili iongezwe, na chumvi, na uchachu uonekane zaidi. Binti akamweleza mama yake kwa upole wote aliokuwa nao, na mama yake akasikiliza amesimama na mwiko mkononi. Iliki ya mama yake mzazi imetukanwa jikoni kwake mwenyewe. Jioni ile nilikula nikijiona mwenye bahati kwamba mara hii si mimi niliyesababisha.

Lakini alipika walivyotaka. Alipika mara ya pili na ya tatu, na kila mara jirani yetu aliitwa kuonja. Jirani huyu ni fundi cherehani, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, tunaishi naye katika ua mmoja na mlango wake unatazamana na wetu. Kwake yeye pilipili ilikuwa haijatosha bado. Alionja, akafikiri, akaonja tena, akasema ongeza, na watoto wakaongeza. Mimi peke yangu nilikataa kuonja. Nilisema hakimu haonji. Kusema kweli mate yalinitoka, kwa sababu harufu ile ya sukari na pilipili ilinifuata hadi kitandani, na sijala ubuyu tangu niondoke nyumbani.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya mapenzi, na hapo lazima nieleze desturi yetu. Mtu wa kwetu akifungua biashara, hata iwe ya sindano, ndugu na jirani na anaoswali nao wanakwenda kumuungisha. Huna haja na sindano? Utaipata baadaye. Siku nilipofungua karakana yangu, wenzangu walipanga foleni Doornfontein na mafriji yao, na mmoja alileta friji zima kabisa, halina hata mkwaruzo, akaniomba nilitazame tu. Nililitazama, akanilipa, akaondoka nalo amefurahi. Hivyo ndivyo tunavyoishi mjini hapa. Usiungishwe na wenzio, utakula nini?

Basi mke wangu, siku chache kabla ya soko, alimsikia binti akiongea na mwenzake kwenye simu. Alikuwa anamwambia anaogopa. Anaogopa atasimama pale na meza yake na watu watapita tu, hakuna atakayesimama hata kuuliza hiki ni nini. Mama gani wa kwetu akisikia hivyo ataweza kulala? Akamweleza jirani. Jirani akasema hilo halitatokea akiwa hai. Mmoja akawachukua Waswahili wote tunaojuana, wa Dar, wa Tanga, wa Unguja na Pemba; mwingine akaichukua kwaya yake ya kanisani nzima. Mimi niliachwa gizani kwa sababu walinijua.

Jumamosi yenyewe niliamkia Doornfontein. Kulikuwa na friji la bucha ya Msomali mmoja ninayeswali naye, na nyama haijui siku ya soko ni nini. Nilipomaliza nikapanda teksi, nikashuka kwenye taa za barabarani, ambazo huku huitwa roboti, karibu na shule, nikaenda kwa mguu nikiwa na roho nyepesi. Ilikuwa asubuhi nzuri ya mwisho wa baridi, jua limeanza kuwa na nguvu na anga halina hata wingu. Muziki wa shuleni niliusikia toka mbali.

Langoni nikakutana na rafiki yangu muuza viatu anatoka. Nikashangaa amefuata nini shuleni, maana hana mtoto hapa. Akanisalimu kwa furaha kubwa, na aliposalimu nikaona ulimi wake. Ulikuwa mwekundu. Nikadhani labda kapita tu akajaribu, nikaendelea. Hatua chache nikakutana na mzee wa Kipemba ambaye huniletea friji lake kila mwaka, mwekundu mpaka kwenye ndevu. Kisha ikanijia kwaya, akina mama wa Kikongo wamevaa vitenge vya sare, wote wananiita Papa, wote wanatabasamu, na meno yote mekundu. Nikaanza kukimbia kidogo.

Meza ilikuwa tupu. Kitambaa cheupe kimetandikwa vizuri, kibao chenye rangi kimesimama, na hakuna hata pakiti moja. Wale wenzake wawili walikuwa wanarukaruka, maana wameuza kila kitu kabla wengine hawajamaliza kupanga meza zao. Binti yangu alikuwa amekaa kwenye kreti la soda, amekunja mikono, anatazama mbele. Mama yake alikuwa kando yake anang'aa, na begani ana mfuko mkubwa wa plastiki umetuna. Aliponiona tu akaniambia yamekwisha, kizuri chajiuza.

Binti hakumtazama. Aliniuliza mimi, kwa Kiingereza chake, kama kuna mtu yeyote katika walionunua ambaye simjui. Nikageuka kuwatazama wale waliokuwa bado uwanjani na vifuko vyao mikononi. Niliwajua wote. Wengi wao nilijua hata majina ya vijiji vyao. Nikamwambia ukweli. Akaitikia kwa kichwa, akasema basi haihesabiki.

Nilikuwa nimeshinda. Fizikia ilikuwa imekaa pale mezani, juu ya kitambaa kitupu, nichukue niondoke nayo, na nikagundua kwamba siitaki. Nikajaribu kulegeza. Nikasema tuseme nusu, nikasema hata kwaya ni watu. Akanikatalia. Mapatano ni mapatano, alisema, na kama mwamuzi anaanza kumwonea huruma mchezaji basi mchezo umekwisha. Nilikasirika na nikajivuna kwa wakati mmoja, jambo ambalo watoto pekee wanaweza kumfanyia mtu.

Mke wangu ndipo alipoelewa alichokifanya, na kwa kuwa ni mtoto wa Kariakoo alianza kwa kujitetea. Kumpenda mtoto kumekuwa kosa lini? Jirani yetu akaja kumsaidia, mkono umeshika kiuno.

“Papa, mutoto ni wa shiye bote,” akaniambia, yaani mtoto ni wetu sote. “Ungependa tumuache peke yake?”

Nikamjibu kwamba mcheza kwao hutunzwa, hilo tunalijua sote, lakini tulikubaliana leo acheze ugenini. Akafikiri kidogo, kisha akaushusha ule mkono kiunoni. Kumshinda mama yule kwa maneno si kazi ndogo, na kwa kawaida ningefurahia, ila siku ile sikuwa na raha nayo.

Binti akasimama. Aliligeuza lile kreti, akapanda juu yake. Nilidhani anataka kutangaza jambo kwa wanafunzi wenzake, na wao pia walidhani hivyo, wakageuka kumtazama, na mwalimu aliyekuwa na kipaza sauti akapunguza muziki. Lakini hakusema nao. Alivuta pumzi, akawatazama watu wetu waliotawanyika uwanjani, na mbele ya shule nzima akafungua mdomo na kusema Kiswahili.

“Shikamooni,” alisema. “Mimi naomba ubuyu yangu. Mimi najua nyinyi mnanipenda. Lakini leo mimi sitaki watu wa kunipenda. Leo mimi nataka watu hawanijui.”

Sarufi ilikuwa imevunjika kila mahali. Sijapata kusikia Kiswahili kizuri kama kile. Machozi yalinitoka na sikuyaficha, kwa kuwa mzee wa Kipemba pale langoni naye alikuwa anapangusa yake. Ni yeye aliyejibu kwanza. Alinyanyua mkono akasema marahaba mwanangu, kwa sauti ya msikitini, kisha akaja taratibu akaweka pakiti yake mezani.

Wengine wakamfuata. Ilikuwa ni safari ya kuchekesha, watu wazima wanarudisha pipi. Binti alipokea zile tu ambazo hazijafunguliwa, akamrudishia kila mtu hela yake, na hakukubali mtu asamehe hata senti. Rafiki yangu muuza viatu aliitwa kutoka barabarani, akaja na mfuko mtupu, akasimama nao mbele ya binti kama mtuhumiwa, akasema yeye ameshakula zote na yuko tayari kwa adhabu yoyote. Kwaya walizirudisha kwa zamu, wakijadiliana wenyewe kwa wenyewe ni nani aliyefungua ya nani. Mke wangu akawa wa mwisho. Ule mfuko mkubwa uliotuna aliumimina mezani, na nusu ya mzigo wote ilikuwa humo. Binti akamtazama, akamkumbatia, akamwambia jambo sikioni ambalo mpaka leo hawajaniambia.

Kisha akatupeleka karantini. Pembeni ya kiwanja cha netiboli kulikuwa na kamba, na amri ilikuwa kwamba yeyote anayejua maana ya neno ubuyu akae nyuma ya kamba hiyo na asitoke. Tukakaa. Wa Tanga, wa Dar, wa visiwani, wa Bukavu, wote tumepangwa pale tunatazama meza kwa mbali, na mimi nimo. Nikamwambia mke wangu sasa tumekuwa wageni rasmi. Hakucheka, macho yake yalikuwa mezani.

Watu walipita. Kwenye meza ya kando yao waliuza magwinya na achari, na foleni yake ilikuwa inazunguka. Ng'ambo walikuwa wanapaka watu rangi za kucha. Watu waliangalia kibao cha ubuyu, wakaangalia zile punje nyekundu, wakapita. Mwenzake wa Kizulu aliwaita, wakatabasamu, wakapita. Nyuma ya kamba tulikuwa tunateseka. Kwaya walitaka kuimba kidogo tu, wimbo mfupi, wa kuvuta watu. Binti aligeuza shingo mara moja, na ule wimbo ukaishia kooni.

Na pale nyuma ya kamba, bila cha kufanya, ndipo nilipojiuliza friji la mtu nisiyemjua nimelitengeneza lini. Nilitafuta sana. Nilianza na wiki hii, nikarudi nyuma, na kila uso ulionijia ulikuwa uso wa mtu tuliyesalimiana naye kabla hajasema friji. Wanafunzi wa chuo wanapita mlangoni kwangu kila asubuhi, wana vyumba, wana mafriji, yanaharibika kama ya watu wote, na sijawahi hata kuweka kibao wakisome. Nimekaa mji mkubwa namna hii nikiungishwa. Mtoto wangu alikuwa amesimama peke yake mahali ambapo mimi sijathubutu kusimama hata siku moja, na niliogopa kwa niaba yake.

Akasimama msichana mmoja. Alikuwa mrefu, wa darasa la mwisho, koti la shule limejaa beji. Hatukusikia wanachosema, tuliona mikono tu. Binti alimwonyesha namna ya kumung'unya bila kutafuna na mahali pa kutemea kokwa. Msichana akalipa, akafungua, akatia moja mdomoni. Uso ukamkunjamana wote, akafumba jicho moja, akaondoka zake kuelekea kwenye foleni ya magwinya.

Tukainamisha vichwa. Jirani akasema polepole, kwa mtu yeyote anayesikia, kwamba labda pilipili imezidi.

Mke wangu ndiye aliyenivuta mkono wa shati. Yule msichana, akiwa kwenye foleni, alitema kokwa kiganjani, akaitazama, na akatia nyingine mdomoni. Kisha nyingine. Mwenzake akamwomba, akamnyima. Mwenzake akamshika mkono, akampa moja, na huyo naye akafumba jicho. Wakacheka, wakatoleana ndimi, na ndimi zilikuwa nyekundu, na hapo ndipo biashara ilipoanza hasa. Maana ulimi mwekundu, ukimwona mwenzako nao, lazima uulize. Wakarudi mezani kundi zima. Wakaja wengine kuwatazama hao. Watoto wadogo wa darasa la nane wakawa wanakimbizana uwanjani wametoa ndimi nje. Mwalimu wa kipaza sauti alinunua na kuendelea kutangaza amefumba mdomo nusu, lakini tulimwona. Hata wale wa magwinya waliacha meza yao kwa zamu kuja kununua.

Nyuma ya kamba ilikuwa sherehe. Tulikuwa tunashikana mabega na kuhesabu nyuso. Huyu unamjua? Simjui. Yule je? Simjui wallahi. Mzee wa Kipemba alikuwa anasema simjui, simjui, kwa furaha ya mtu anayetaja majina ya wajukuu. Kwaya sasa waliimba, na mara hii hakuna aliyewakataza, kwani kelele za uwanjani zilikuwa zimeshawazidi.

Mzigo ulipokaribia kwisha nikaruka kamba. Nilikuwa nimekwenda kumpa binti yangu jibu lake, lakini vilevile, sina haja ya kudanganya, nilikuwa nautaka ule ubuyu. Sasa hakimu alikuwa amemaliza kazi. Mezani palibaki pakiti moja, na mfukoni nilikuwa na noti nimeshaikunja. Nyuma yangu alikuja mama mmoja Msotho, mzazi wa mtu, kofia ya sufu kichwani, akauliza ni nini hiki ambacho watoto wote wanakitolea ndimi.

Nikasogeza noti yangu mbele. Binti akaitazama, akanitazama mimi, akairudisha kwangu kwa kidole kimoja.

“Baba, wewe si mteja,” akaniambia kwa Kiswahili. “Wewe ni baba.”

Pakiti ya mwisho akampa yule mama.

Nikamwambia basi asome biashara yake. Akaniuliza, na fizikia? Nikamwambia fizikia nitazungumza nayo mwenyewe, tunafahamiana siku nyingi. Alicheka, akapita chini ya meza badala ya kuzunguka, akanirukia shingoni mbele ya wenzake wote, mtoto ambaye kwa kawaida hutaka nimwache mtaa mmoja kabla ya shule. Nilirudi La Rochelle ulimi wangu una rangi yake ya kila siku, na sijapata kufurahi namna ile kwa kunyimwa kitu.